Herufi Moja

Kwa karani wa kumbukumbu, yeyote atakayeifungua bahasha hii:

Naitwa Arvid Tvedt. Tazama vizuri, mwana wa watu,
kuna d pale kabla ya t ya mwisho.
Katika faili lenu d yangu imepoteza tumbo,
imebaki kijiti chenye nukta kichwani,
na kwa herufi hiyo moja nikawa shujaa.

Mmeandika kwamba usiku wa Februari, huko Korea,
theluji ikifika mapajani,
nilibeba majeruhi watatu mgongoni, mmoja mmoja,
nikapanda tena kumfuata wa nne,
wala sikurejea.
Sikurejea! Na bado kila Novemba
mnaniletea kadi ya kunitakia afya njema.

Mimi nilikuwa jikoni, maili kumi na moja nyuma.
Nilimenya viazi hadi kidole gumba kikafa ganzi.
Mizinga ya usiku ule niliisikia
kama mtu asikiavyo majirani wakigombana:
nikageukia upande wa pili, nikalala.
Asubuhi niligawa chai na mayai ya unga.
Sahani arobaini na mbili zilibaki safi.
Hiyo ndiyo hesabu yangu ya vita.

Kosa nililiona mwaka wa themanini na tatu,
nilipoomba kifaa cha masikio.
Badala ya kifaa kikaja kiboksi cha buluu,
ndani yake Nyota ya Fedha.
Solveig, mke wangu, akaketi kwenye ngazi
na aproni yake ikiwa na unga bado, akalia.
"Miaka yote hii hukuniambia," akasema.
Nami (liandike hili, karani,
ingawa fomu haikuliachia nafasi)
nami sikumwambia.

Niliivaa mara moja, siku ya gwaride,
pale Grafton, mbele ya benki.
Watoto wa shule wakapunga vibendera.
Nguo ya kuazima haisitiri makalio:
upepo wa Dakota ulinipata kotekote.

Solveig tulimzika Machi.
Tangu hapo nimewaandikia mara tatu.
Mkajibu kwamba fomu ni ya kuongezewa,
ya kupunguziwa haijachapwa.
Kisha mkataka ushahidi
kwamba mimi si yule niliyekufa.

Ushahidi huu hapa.
Orodha ya zamu za jikoni, ina doa la mafuta, niwieni radhi.
Picha yangu na sufuria kubwa kuliko mimi.
Na barua ya Borghild Tveit, dada yake,
wa Thief River Falls, Minnesota, mwenye miaka themanini na minane.
Tveit. Kwa i.
Anasema mama yao alipigilia msumari ukutani
juu ya picha ya mwanawe,
akangoja. Waliambiwa hakuna nishani kwa jina hilo.
Mama amekufa, nyumba imepakwa rangi mara tano,
na kila mpaka rangi huambiwa:
huo msumari uzunguke.

Basi ifuteni kwangu, mwandikieni mwenyewe.
Kiboksi nimekifunga kwa kamba. Nitakipeleka mimi,
mjukuu wangu ataendesha, ni saa mbili tu.
Haraka, tafadhali. Mchonga mawe ameshaniuliza
aandike nini, na mkono wake haufuti.

Kuna jambo la mwisho, naona haya kulisema.
Sajini Mackey aliniahidi ile ya shaba,
ya Mwenendo Mwema. Wapishi wote waliipata.
Kwenye faili langu haimo.
Sukari niliiba mara moja tu, na ilikuwa Krismasi.
Lakini kuhusu hii miaka arobaini ya kunyamaza
sijui kanuni zenu zinasemaje.
Mkiona nimeipoteza, nitaelewa.
Mkiona sivyo, iandikeni.
Kwa d.