Sifuri

Foleni ya Jumanne, kliniki ya Kayole.
Wenzangu wamebeba matumbo, mimi nimebeba bahasha.
"Wako ana miezi mingapi?" jirani akauliza.
"Bado," nikajibu, naye akasogea kidogo,
kana kwamba bado ni ugonjwa.

Sista Kerubo hakucheka.
Alizikagua dawa zangu za kifafa moja moja,
kama mtu anayechambua mchele stima imepotea.
"Hii itamdhuru. Lakini usiiache kivyako,
tutaibadilisha polepole, daktari akijua.
Vidonge vya foliki anza leo. Mimba ingoje."

Ingoje!
Na mama mkwe anahesabu miezi tangu harusi
kwa makini kuliko pesa za chama.

Akauliza usingizi, damu,
chai ya rangi ninayokunywa badala ya chakula.
Kisha: "Na wewe, unamtaka?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.
Nje muuza maji aligonga mitungi.
Nikasema ndiyo, nikashtushwa na sauti yangu.

Kwenye daftari, penye wiki za mimba,
aliandika sifuri,
akairudia mara ya pili, akikaza mkono,
maana kalamu ilikuwa inakwamakwama.