Dirisha la Jikoni

Kila mwaka ni Yadollah aliyepanda paani,
mimi nikishika ngazi, nikisikia nyundo na matusi.
Mwaka huu ngazi ameishika Parinaz, binti wa jirani,
na matusi ni yangu.

Navua turubai. Ndani ya lile sanduku la bati
njiwa alilala kipupwe kizima, kaacha manyoya matatu.
Mikeka ya nyuzi za mbao imekuwa mawe:
chokaa ya maji ya Yazd.
Naing'oa. Naweka mipya, inanukia gogo lililopasuliwa jana.
Nakwangua beseni kwa kisu cha mkate.
Najaribu boya, lisije likamwaga maji kwa watu.
Tone la grisi kwenye beringi. Ukanda naubonyeza kwa gumba:
ukilegea mno utateleza, ukikazwa mno utalia.
Hili alinifundisha bila kujua, akijisemea huku juu.

"Pampu kwanza!" nampigia kelele Parinaz.
"Acha mikeka ilowe, ndipo feni!"
Asiyesubiri hupuliziwa vumbi.

Jioni, digrii arobaini na mbili.
Nafunga kila tundu. Ubaridi ni mali, nawaza,
na mwenye mali hulala kapiga komeo.
Kufika saa nne usiku shuka zina unyevu,
chumvi imegandamana kichupani,
kalenda imejikunja pembe,
na hewa imesimama katikati ya chumba
kama mgeni aliyekosa pa kuketi.

Parinaz kaja kurudisha bisibisi. Anacheka.
"Bibi Golnesa, upepo hauingii palipojaa.
Upe pa kutokea."
Upana wa kiganja tu, anasema,
dirisha lililo mbali kabisa na kipoza hewa.
La jikoni, basi.

La jikoni halijafunguliwa tangu mwezi wa Bahman.
Hapo ndipo alipoketi na sigara,
akipuliza moshi nje ili nisimgombeze.
Nilikuwa naunusa hata hivyo.
Komeo limeshika kutu. Nalipaka grisi iliyobaki kidoleni,
nasukuma kwa bega.
Likaguna, likaachia.

Pazia la sebuleni likainuka.
Harufu ya mbao mbichi ikaja,
ikapita juu ya meza, ikapita kikombe chake,
ikatoka kwenda kwenye giza lenye joto.

Nikapima kiganja kimoja.
Kisha nikaongeza vidole viwili.