Nyuzi Mia na Themanini

Kuna uzi hauonekani
umevutwa kutoka bega hadi bega,
ukapita juu ya vumbi la Twin Falls,
ukapenya vichaka vya kijivu, ukaenda usikojulikana.
Mdomo wa bastola usirudi nyuma ya uzi huo.
Hiyo ndiyo sheria, wala si ndefu.
Nimeitilia saini mara kumi na moja,
mara moja kwa kalamu isiyo na wino,
nikaikandamiza hadi karatasi ikachanika.

Hatua ya nne. Upepo unatoka kwenye mashamba ya viazi.
Verl, msimamizi, ananisogelea:
"Uko tayari?"
Kipima-muda kinalia kama kifaranga kilichokanyagwa
nami nakwenda.

Lazima niseme ukweli: nilikuwa napiga vizuri.
Shabaha tatu, risasi sita,
mashimo yamekaa jozi jozi kama matundu ya kifungo.
Bamba la chuma likaanguka kabla sijalisikia.
Nikajisemea, leo, Sikitu, leo
watajifunza kulitamka jina la Mbwilo.
Na hapo hapo, kwa kuwa kujisifu hakuna breki,
nikageuka kushoto kukimbilia kizuizi cha mwisho
huku nikibadili magazini.
Mwili ukatangulia, mkono ukafuata,
na bastola, mtiifu kama mbwa, ikaufuata mkono.

"Simama!"

Sikuwahi kusikia sauti ya Verl ikiwa hivyo;
huyu ni mtu anayewaomba radhi ng'ombe anapofunga lango.

"Kidole nje. Toa magazini. Vuta. Nionyeshe chemba."
Nikamwonyesha. Tukachungulia humo sote wawili
kama watu wanaotafuta pete kisimani.
"Rudisha kwenye ala."
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Pole, Sikitu. Unajua."
Nilijua.

Nilitaka kubishana juu ya kipimo:
kwamba nilizidisha nyuzi tano tu,
kwamba kidole hakikugusa kifyatulio,
kwamba nimetoka zamu ya usiku kiwanda cha mtindi.
Kisha nikamwona LaRae, karani wa matokeo,
nyuma yangu, kushoto,
kalamu hewani, haandiki.
LaRae ambaye asubuhi alinimiminia kahawa
kwenye kifuniko cha chupa yake.
Hakukasirika. Ndicho kilichoniuma.
Alikuwa anaangalia tumbo lake
kama mtu aliyemwagikiwa kitu
na anangoja kuona kama kimepenya nguo.

Kwetu tulisema ajali haina kinga.
Tulisema hivyo mkekani, msibani,
siku tuliyomzika mdogo wangu, aliyegongwa na lori Makambako.
Dereva naye akaja na mchele, akasema hivyo hivyo,
nasi tukaitikia.
Hapa kinga huvaa shati la rangi ya chungwa,
ina miaka sabini na mmoja, goti bovu,
na koo linaloweza kuikata siku ya mtu katikati.

Sikwenda nyumbani. Aliyeenguliwa halazimiki kubaki,
lakini mashimo ya wenzangu yalitaka viraka;
nikabandika, kahawia juu ya kahawia,
mpaka jua likanichoma shingo.
Jioni, kwa desturi yao, mwenye kosa hununua aiskrimu.
Watu kumi na mmoja. Wakanitania,
nikacheka, nimechelewa kidogo.
LaRae akachukua ya vanila. Akasema asante.
Akakaa upande wangu wa kulia.

Usiku huu nimebandika utepe sakafuni
toka mlango wa bafu hadi kabati la viatu.
Bastola imefungiwa sandukuni; nimeshika rimoti ya televisheni.
Miguu kwanza, Sikitu. Miguu.
Nageuka. Nageuka tena.
Mtoto anatoka chumbani kwenda kunywa maji,
anasimama ukingoni mwa utepe,
anauliza kama anaruhusiwa kupita.