Jumatano ya Vichwa

Jumatano ya kwanza ya Oktoba, Grand Rapids,
mvua nyembamba, na pitsa zimeagizwa
kabla hata kengele haijalia.
Leo ni siku ya kuhesabiwa.
Serikali, kule Lansing, itafumbua jicho moja,
itatutazama, italifumba.
Atakayeonekana kitini ataletewa fungu lake.
Asiyeonekana —
mgonjwa ana siku thelathini za kurudi,
mtoro ana kumi,
aliyehamia kwa shangazi yake Iowa
tumekwisha kumpoteza.

Mimi ndiye sauti ya simu.
Wameniajiri saa nne kwa siku kwa ajili ya lugha yangu,
mshahara wangu nao umo ndani ya vichwa hivyohivyo.

"Mama Nsimire, habari ya kuamka. Mtoto hayupo darasani."
"Ana homa."
"Kali?"
Kimya. Nasikia mfuniko wa sufuria, nasikia katuni.
"Mbona leo mnamtaka sana?
Mwezi jana alikosa wiki nzima, hakuna aliyepiga."

Nikameza mate.
Nikamweleza habari ya fungu: kila kichwa
kinakuja na karibu dola elfu kumi,
na Bwana Dykhouse, yule wa tarumbeta,
amepungukiwa vichwa kumi na viwili,
visipopatikana, Januari chumba chake
kitakuwa stoo ya viti vibovu.

Akacheka kwa puani.
"Kwetu mtoto hahesabiwi, dada.
Ukimhesabu umemwonyesha kwa kifo.
Bibi yangu alizaa kumi na mmoja,
akiulizwa wangapi, alijibu: wapo."

Wapo.
Nimeliandika neno hilo kwa penseli
pembeni mwa daftari la Bi Kowalczyk.
Halina safu yake.

Babu yangu alilipa kodi ya kichwa.
Mwaka mmoja alikificha kichwa chake msituni, siku tatu,
karani alipopita Uvira na kitabu chake.
Leo mjukuu wake ndiye karani,
anabembeleza vichwa vitoke mafichoni.
Hivi vinalipiwa, havilipi,
najua, nimeelezwa semina nzima;
basi mbona mkono unanitetemeka?

Haba na haba hujaza kibaba.
Hawakusema kibaba ni cha nani.
Kule mashariki mwa mji, kwenye nyumba za matofali na ziwa,
wanahesabiwa leo hii, kwa jicho lilelile,
fungu lao halitofautiani sana na letu.
Ila wao, jioni, wazazi wakikutana kwa mvinyo na jibini,
wanachangishana fungu la pili,
na maji ya bwawa la kuogelea la shule yao
yana uvuguvugu hata Februari.

Saa sita kasorobo mlango ukafunguka.
Nsimire, koti juu ya nguo za kulalia,
viatu vya mvua vya kaka mtu.
Mama yake hakuingia. Alisimama kwenye zulia la mlangoni,
maji yakimtiririka kwenye kitenge,
akasema, "Haya, mmempata.
Sasa mtunzeni mpaka Juni."

Bi Kowalczyk akaweka alama. Moja.
Nikamgusa mtoto paji la uso: kaa la moto.
Nesi tunamgawana shule tatu,
huja kwetu Jumatatu na Alhamisi.
Nikamlaza kwenye koti langu, nyuma ya mashine ya fotokopi,
mahali penye joto.

Sikumwambia mama yake habari ya siku thelathini.
Niliijua. Ilikuwa imebandikwa mbele ya macho yangu,
juu ya simu.

Kutoka chumba cha mwisho Dykhouse anawafundisha
kupuliza noti moja tu, ndefu, chafu,
kama ng'ombe anayeita ndama.

Nsimire amefumbua macho.
Hataki maji. Anauliza kama pitsa imebaki,
si yake yeye, ya mdogo wake,
ana miaka mitatu, hajaanza shule.

Nikafunga vipande viwili kwenye karatasi ya orodha ya jana.
Kisha nikaongeza cha tatu.