Ufunguo wa Ukumbi

Ufunguo wa ukumbi wa Warrambeen ninao mimi,
tangu mume wangu afe. Nautundika kwa uzi wa katani
nyuma ya birika, mahali ambapo hata mwizi hawezi kuuotea.
Ukumbi wenyewe: minada ya kondoo, kura,
chai ya baada ya mazishi, na panya.

Machi, ngano imeshavunwa, vumbi limebaki,
likaja basi dogo lenye taa moja.
Wakashuka watu tisa, na masanduku, na mabawa ya kadibodi,
na mwanamume aliyevaa gauni la kijani
akaniuliza kwa adabu zote choo kiko wapi.
Nikamwonyesha. Ndivyo tamasha lilivyofunguliwa.

Sitasema mji ulikunjua moyo.
Bango langu lilisema: Maigizo ya wapendao
wa jinsia yao, kiingilio dola tano, chai bure.
Likabanduliwa. Nikabandika jingine, likabanduliwa,
nikabandika la tatu kwa gundi ya kuzibia matangi.
Hilo lipo hadi leo.

Usiku wa kwanza tulikuwa kumi na saba,
nikimhesabu na mbwa wa Merv Pascall.
Usiku wa pili tukaazima viti vya kanisani.
Mchezo ulikuwa wa wakata manyoya wawili,
kitanda kimoja, mvua isiyokatika.
Hakuna aliyembusu mwenzake. Mmoja alimshonea mwenziwe kifungo,
akakata uzi kwa meno, karibu kabisa na koo,
na ukumbi mzima ukasahau kukohoa.

Merv akasimama. Nikadhani anatoka.
Miaka sabini na minane, goti bovu, kofia mkononi.
Akasema, wala si kwa sauti ya jukwaani:
"Lance alikuwa anashona viwili. Kimoja cha akiba, kwa ndani."
Akaketi.

Lance.
Miaka thelathini na mmoja tulimwita mpangaji wake.
Siku ya kumzika, Merv alikaa safu ya nne,
nyuma ya binamu wasiojua hata jina la mbwa.
Viti nilivipanga mimi.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikuwahi kujiuliza mwenyeji anaumwa nini.

Jumatatu basi likaondoka na taa mbili;
fundi wetu alikesha nalo, hakudai senti,
ila alitaka isisemwe kanisani.
Nikafagia. Maganda ya karanga, pini za nywele,
bawa moja la kadibodi.
Tully wa kituo cha mafuta, miaka kumi na mitano,
akaja kuliomba. Hakusema la nini.
Alilibeba akipita barabara kuu, mchana kweupe,
mbele ya duka la nyama.

Mwakani sijui kama halmashauri itatoa fedha.
Mpango wa viti nimeshauchora, nyuma ya bili ya umeme:
safu ya mbele, pembeni,
nafasi ya kunyoosha goti,
na ya mbwa.