Bati la Uso

Kamukunji jua tumelifanya anwani.
Karani wa mkopo akiniuliza, "Unafanya kazi wapi?"
namjibu, "Jua kali,"
naye anaandika kama mtu aliyetajiwa mtaa.

Mimi Kalekye, nakunja masanduku ya shule.
Januari sina mkono wa kujikuna,
Aprili nahesabu misumari.
Jua likipiga bati, bati halilimezi:
linalirudisha lote, shaba tupu,
usoni pangu.

Miaka sita nyuma nilinunua mkorogo
wa kikopo kisicho na jina,
kwa mama mwenye uso wa maziwa
na vifundo vya vidole vyeusi ti.
Nilitazama uso. Vidole sikuvitazama.
Weupe ulikaa wiki tatu,
kisha shavu la kushoto likashika doa
la rangi ya chai iliyokosa maziwa,
na kila jua likitoka doa linakunywa, linanenepa.

Kwa hiyo juzi, duka la dawa, Ronald Ngala, ghorofa ya pili,
Nasimiyu aliponipangia tyubu tatu
sikuuliza bei kwanza.
Nilizigeuza migongo.

Ya kwanza: majina marefu kuliko foleni ya kitambulisho.
"Huyu kazi yake nini?"
"Huyu anainywa miale, humo humo ngozini."
"Akishainywa?"
"Wengine wanakaa salama. Wengine wanawashwa."
Nikagusa shavu.
Ya pili: "Na huyu?"
"Huyo ni harufu tu."
Harufu nilishailipia, dada. Nirudishie kando.

Ya tatu maneno machache:
nta, mafuta ya alizeti, zinki.
Zinki!
Nilicheka mpaka bawabu akachungulia.
Huyo namjua tangu mikono ya baba.
Ndiye koti la bati,
ndiye anayetangulia kuliwa
ili chuma kisiliwe.
"Haizami," Nasimiyu akasema, "inakaa juu."
"Kama paa," nikasema.
"Kama paa. Lakini upake tena mchana, paa hili linavuja kwa jasho."

Elfu moja mia tisa.
Faida ya masanduku mawili, na vitasa vyake.
Mtu nyuma yangu alikohoa.
Nikatuma pesa kwa simu, kidole kikisita kwenye namba ya siri
kana kwamba kimeisahau.

Asubuhi nikapaka. Haikupotea.
Nilifika kazini kama niliyelala kinuni.
"Umetumbukia kwenye pipa la unga?" Odindo akapiga kelele,
na mwingine, sauti sikuijua:
"Si alitaka weupe? Leo amefika."

Hilo liliniingia.
Nikainua nyundo
nikaishusha kwenye bati, penye kazi yake.

Saa tisa, jua likiwa limesimama juu yetu kama mdai,
Odindo alikuja kuazima tindo.
Tindo alipata. Hakuondoka.
Akainamisha kisogo, ngozi imechanika mistari,
akatazama kule kwenye makaa
kana kwamba kisogo ni cha mtu mwingine.
Nikamfinyia tone. Hatukusemeshana.

Usiku nanawa, maji ya beseni yanageuka tui.
Kwenye kioo doa lipo, palepale, na chai yake.
Sikununua ili litoke.
Nilinunua lisipate mwenzake.