Sauti Yangu Buzebazeba

Saa nne usiku watoto walitimuliwa kwa ufagio,
na yule mwenye ndevu tatu akaulizwa umri mara mbili.
Pazia la kibanda likashushwa, likabanwa kwa tofali.

Mimi nilikuwa nje na birika langu,
vikombe vinane, kimoja hakina mkono.
Ndani, mume wangu Ntabaye kashika kipaza sauti,
anatafsiri picha ya wakubwa yenye lugha asiyoijua.
Hajawahi kuijua. Anatazama midomo, anajaza.

Picha yenyewe niliipata kwa masikio:
mwanamume kaamka ndani ya mwili wa jirani.
Mikono ya jirani, kifua cha jirani, pete ya jirani kidoleni,
na humo ndani yeye mwenyewe, kajibana kama mpangaji.
Usiku anaingia kitandani kwa mke wa jirani,
na mke anasogea, anampa nafasi, anasema karibu.

Anasema karibu kwa sauti yangu.

Niliacha kumimina.
Haikuwa sauti ya mwanamke tu, ile ya puani
wanayoiga wanaume wakitaka kuchekwa.
Yangu. Na ile "mh" ninayoivuta kabla ya kukubali,
na "we Baba Ruhinda, taa,"
niliyoitamka mara ya mwisho mwaka tuliouza cherehani.
Mabenchi yakapiga mluzi. Mtu akasema, rudisha hapo.
Akarudisha. Nikakubali mara ya pili.
Mteja wangu, fundi baiskeli wa Gungu, aliinamia kikombe
kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Nyumbani kwetu sauti hiyo ina miaka minne haijasikika.
Nilidhani imekufa. Kumbe kaitunza,
anaitoa kwa mia tano kwa kichwa.

Ila kilichonikosesha usingizi ni yule mke wa kwenye picha.
Hajui?
Mimi ningejua. Mvike mtu ngozi yote ya Ntabaye,
hadi lile kovu la ndoana chini ya kidevu,
nitamtambua mgeni anavyotafuta kandambili gizani:
Ntabaye huzitukana kwanza.
Au pengine anajua. Pengine kajua tangu mlangoni
na akasogea tu.

Usiku wa tatu petroli ilikaribia kwisha.
Ntabaye akamwachia kipaza mkata tiketi, akatoka na dumu.
Nikaingia nikinuka mkaa. "Lete," nikamwambia kijana, na akaleta.

Mume wa kwenye picha alipofungua mdomo nikamtia Ntabaye:
kikohozi cha kuanzia, koo likisafishwa bila sababu,
"kesho, Siwema, kesho, nikipata,"
na ule uongo mdogo, kwamba kachelewa kwa ajili ya mvua,
siku ambayo vumbi lilikuwa limefika kwenye kope.
Walicheka mpaka turubai likatikisika.
Kisha yule mtu akakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wazi,
mwili wa kuazima ukimpwaya mabegani,
nami nikamsemesha neno ambalo Ntabaye hajalisema,
ila nimemsikia akilikaribia, akirudi nyuma:
"Naogopa ukinitazama mchana hutaona mtu."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alikohoa, akaomba radhi.

Nilipogeuka, alikuwa pale, pazia begani, dumu mkononi,
anajisikiliza.

Tulirudi kwa njia ya nyuma ya msikiti,
birika likinigonga goti.
Hakuna aliyetangulia kusema. Nadhani kila mmoja alikuwa anapima
ni koo la nani lililobakiwa na zamu.
Mlangoni akapapasa ufunguo, akaukosa, akapapasa tena,
na hakutukana kitu.
Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijaisikia
kibandani wala chumbani,
kahawa imebaki?

Ilibaki ya kikombe kile kisicho na mkono.